Kwa Kiswahili, Bonyeza Moja: Kuandaa simu ya ofisi inayozungumza lugha mbili

Ukipiga simu kwenye ofisi yenye mtambo wa kisasa hapa Arusha, mara nyingi mambo huanza vizuri. Unakaribishwa kwa Kiswahili, unaambiwa uchague lugha, unabonyeza moja. Unayemtafuta hayupo mezani. Ghafla inaingia sauti nyingine kabisa, ya mwanamke anayeongea Kiingereza cha Amerika ya Kaskazini, anakutaka uache ujumbe baada ya mlio, na ukimaliza ubonyeze alama ambayo hujui kwake inaitwaje. Mteja wa Tengeru aliyechagua Kiswahili kwa kidole chake mwenyewe anakata simu. Wewe mwenye biashara unaendelea na kazi zako, hujui hata kwamba umempoteza.

Mwongozo huu ni wako kama una hoteli, zahanati, kampuni ya utalii, duka la pembejeo au shule, na umeamua simu yako ipokee kwa Kiswahili na Kiingereza. Nitakuomba ushike jambo moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: lugha aliyoichagua mpigaji ifuatane naye mpaka simu inapokatwa. Iwe naye kwenye menyu, kwenye foleni, kwenye ujumbe wa sauti, na kwa binadamu atakayepokea. Kurekodi karibu ya Kiswahili ni kazi ya dakika tano. Kuhakikisha Kiswahili hakimtoroki mteja njiani ndiyo kazi yenyewe.

Wanaopiga ni akina nani?

Kabla hujagusa mtambo, kaa mapokezi siku chache na daftari. Andika kila anayepiga anaongea lugha gani na anataka nini, kwa maneno yake mwenyewe. Usikisie, maana Arusha inadanganya. Ukiangalia mabango ya Barabara ya Sokoine na magari ya watalii yaliyojipanga karibu na Mnara wa Saa, utadhani kila simu inatoka Ulaya. Sasa chukua kampuni ya utalii iliyoko Njiro. Ni kweli, mgeni wa Ujerumani anapiga kuulizia Serengeti. Lakini anapiga pia dereva aliyeharibikiwa gari Karatu, mpishi anayetaka kujua safari inaanza lini, mama anayeleta mboga kutoka Tengeru, fundi anayefuatilia malipo yake, na mpagazi aliyeshuka Mlima Meru jana na bado anadai posho. Ukihesabu kwa uaminifu, huenda Kiswahili kikazidi. Zahanati ya Usa River itakuta hali nyingine: wagonjwa wa Maji ya Chai na Poli kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine wageni wa hoteli zilizo njia ya Momella.

Mji huu umezoea lugha nyingi kwenye vikao vikubwa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa tarehe 30 Novemba 1999. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofanya kazi hapa mjini hadi mwisho wa mwaka 2015, iliendesha mashauri kwa Kiingereza na Kifaransa, na shahidi wa kutoka kijijini aliweza kutoa ushahidi wake kwa Kinyarwanda, wakalimani wakamfuata neno kwa neno. Mteja wako anayepiga simu anastahili uangalifu wa aina hiyohiyo.

Jambo jingine litakalojitokeza kwenye daftari lako ni wazee wanaopiga kutoka vijiji vya mlimani, ambao Kimeru au Kiarusha ndiyo lugha yao ya raha. Usikimbilie kuwawekea chaguo la tatu. Lugha unayoitangaza kwenye simu ni lazima iwe na mtu wa kuipokea kila siku ya kazi, si pale tu mfanyakazi fulani anapokuwepo. Ndivyo ilivyo pia kwa Kifaransa na Kijerumani. Wazee hao wanachohitaji ni kitufe cha sifuri kinachowafikisha mapokezi haraka, kwa mtu mwenye subira.

Menyu moja, lugha mbili

Kosa linalogharimu sana ni kujenga menyu mbili: ya Kiswahili na matawi yake, na ya Kiingereza na matawi yake. Siku ya kwanza zinafanana. Miezi mitatu baadaye mhasibu amebadilishiwa namba ya ndani, fundi amerekebisha upande wa Kiingereza akasahau ule wa pili, na wateja wa Kiswahili wanaobonyeza tatu wanaangukia simu ya chumba kisicho na mtu.

Jenga menyu moja, kisha kila tangazo liwe na sauti mbili zenye jina moja. Nitatumia mfano wa Asterisk, programu huria ya mitambo ya simu iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, kwa sababu mitambo mingi inayouzwa madukani imejengwa juu yake, na ofisi nyingi huiendesha kupitia kiolesura cha FreePBX. Asterisk huhifadhi sauti kwa makabati ya lugha: Kiingereza kwenye /var/lib/asterisk/sounds/en, na Kiswahili utakifungulia kabati lake, /var/lib/asterisk/sounds/sw. Ukiweka faili liitwalo karibu kwenye makabati yote mawili, mtambo utachagua lipi lisikike kwa kuangalia lugha iliyobandikwa kwenye simu ile. Kubandika lugha ni mstari mmoja tu: Set(CHANNEL(language)=sw). Kwenye FreePBX huhitaji hata kuandika mstari huo. Nenda kwenye Languages, tengeneza moja ya sw na moja ya en, zote ziishie kwenye menyu ileile kuu. Mpigaji akibonyeza moja anapitia sw, akibonyeza mbili anapitia en, na wote wanafika mahali pamoja kila mmoja na lugha yake.

Tangazo la kwanza liwe fupi mno: “Karibu,” jina la biashara, “Kwa Kiswahili, bonyeza moja. For English, press two.” Basi. Usiweke salamu ndefu kwa lugha zote mbili, usiweke tangazo la ofa ya msimu. Mtu huyu analipia kila sekunde kwa salio lake. Kiswahili kitangulie, kwa sababu tuko Tanzania na kwa sababu ni heri mgeni asubiri sekunde tatu kuliko mwenyeji kusubiri kwenye nchi yake. Kama una namba ya pekee uliyoitangaza kwa wageni wa nje tu, hiyo inaweza kuanza na Kiingereza. Fundi wako anaweza pia kuuelekeza mtambo utambue simu zinazoanza na +255 uzianzishie Kiswahili. Ni wazo zuri, ila usifunge mlango. Mtalii hununua laini ya hapa siku anayotua KIA, na Mtanzania anayeishi Houston anaweza kupiga kwa namba ya Marekani akitaka Kiswahili. Kila mmoja asikie kwamba lugha ya pili ipo.

Mpe mtu muda wa kubonyeza. Mwenye kitochi ana vitufe chini ya kidole. Mwenye simu janja ni lazima aitoe sikioni, afungue vitufe vya namba, abonyeze, airudishe sikioni. Sekunde tatu hazimtoshi. Weka saba au nane. Na asiyebonyeza chochote usimkatie wala usimrudishie tangazo mara nne. Huenda anaendesha gari, huenda ni mzee, huenda mtandao umemeza mlio wa kitufe. Baada ya kimya kimoja, mpeleke mapokezi kwa Kiswahili. (Kama wateja wengi wanalalamika kwamba wanabonyeza na mtambo hausikii, kosa si lao. Mwambie fundi na mtoa huduma wako walinganishe namna milio ya vitufe inavyosafirishwa, kwani pande mbili zikitofautiana hapo menyu nzima inakuwa kiziwi.)

Mwisho wa njia yupo binadamu. Weka herufi SW au EN mbele ya jina la mpigaji linalotokea kwenye skrini ya simu ya mapokezi. Kwenye FreePBX kazi hiyo inafanywa na Set CallerID. Dada wa mapokezi akiona SW ataanza na “Habari, karibu,” akisikia sauti ya mtu mzima ataongeza shikamoo. Mtambo haujui umri wa anayepiga, kwa hiyo shikamoo iache kwa binadamu.

Maneno yenyewe

Andika Kiswahili kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu karibu kila simu mbaya niliyowahi kuisikiliza ilianza na karatasi ya Kiingereza iliyopewa mtu atafsiri. Matokeo yake ni “Kwa mauzo, bonyeza moja. Kwa usaidizi wa wateja, bonyeza mbili.” Hakuna mtu Arusha anayepiga simu akisema anataka mauzo. Anataka kuuliza bei. Rudi kwenye daftari lako la mapokezi, chukua maneno ya wapigaji wenyewe:

“Kuuliza bei au kuweka nafasi, bonyeza moja. Kama umeshalipia na unataka habari za safari yako, bonyeza mbili. Kama unafuatilia malipo au umeleta bidhaa, bonyeza tatu. Kuongea na mapokezi, bonyeza sifuri.”

Ona kwamba shida inatangulia na namba inafuata. Msikilizaji husubiri kusikia jambo lake, akilisikia ndipo anatega sikio kwa ajili ya namba. Ukisema “bonyeza moja kwa kuuliza bei,” namba imeshampita kabla hajajua kama inamhusu. Machaguo yasizidi manne pamoja na sifuri. Na hata kama siku moja biashara itakua, usiweke sita na tisa kwenye menyu moja. Sita na tisa zina herufi zilezile zilizobadilishana nafasi, na kwenye mtandao hafifu wa nyuma ya mlima hazitofautiani.

Neno “tafadhali” litumike mara moja, mwanzoni au mwishoni. Kulirudia kwenye kila chaguo hakuongezi adabu, kunaongeza sekunde. Alama ya # iite reli, kwa kuwa ndivyo watu walivyoizoea kwenye menyu za kutuma pesa; * iite nyota. Jina la biashara litamke kama wateja wanavyolitamka, hata kama limeandikwa Kiingereza, na litamke vilevile kwenye sauti zote mbili.

Ukimaliza Kiswahili, ndipo uandike Kiingereza, nacho kwa uhuru wake. Hakuna ulazima sentensi zilingane. Kinacholazimika kulingana ni namba: moja ya huku na moja ya kule ziende mahali pamoja.

Sauti ambazo hukuzirekodi

Sasa turudi kwa yule mwanamke wa Kiingereza. Ni sauti ya Allison Smith, msomaji wa matangazo kutoka Kanada, ambaye sauti yake ndiyo inayokuja na Asterisk ya Kiingereza duniani kote. Anaingia kwenye simu yako kwa sababu rahisi: mtambo una mamia ya sauti ndogondogo zake wenyewe, na pale unapokosa faili kwenye kabati la sw, haunyamazi. Unarudi kwenye Kiingereza. Kwa hiyo menyu yako uliyoirekodi vizuri ni sehemu ndogo tu ya kile mteja anachoweza kukisikia.

Huhitaji kurekodi yote. Mengi ni ya mafundi na ya wafanyakazi. Anza na yale ambayo mteja wa kawaida atakutana nayo: vm-theperson na vm-isunavail, zinazosema mtu hayupo, vm-intro, inayoelekeza jinsi ya kuacha ujumbe, vm-goodbye, pbx-invalid, mtu akikosea namba, kundi la queue, yaani za foleni, na kabati dogo la digits lenye tarakimu. Sikiliza kila moja kwa Kiingereza, uandike Kiswahili chake kwa kukumbuka kwamba mtambo utaziunga zenyewe, na utaziunga kwa mpangilio wa Kiingereza.

Hapa ndipo panahitaji akili. Chukua ujumbe wa kutopatikana. Mtambo unacheza vm-theperson, kisha tarakimu za namba ya ndani, kisha vm-isunavail. Ukirekodi ya kwanza “Namba ya ndani” na ya tatu “haipatikani kwa sasa,” utapata “Namba ya ndani mbili sifuri nne haipatikani kwa sasa.” Imekaa sawa.

Foleni ni ngumu zaidi. Kiingereza kinasema wewe ni mpigaji wa ngapi, kisha namba, kisha maneno ya kumalizia. Mtu anayetafsiri haraka ataandika “Mbele yako kuna wateja,” halafu mtambo utaongeza “tatu.” Wateja tatu! Tarakimu uliyorekodi ni tatu, haijui kuwa watatu, na huwezi kurekodi nyingine kwa ajili ya watu bila kuharibu mahali pengine. Njia ya kutoka ni kuandika sentensi isiyohitaji upatanisho huo: queue-thereare iseme “Nafasi yako kwenye foleni ni namba,” na queue-callswaiting imalizie “Tafadhali endelea kusubiri.” Namba moja, namba mbili, namba tatu, zote zinakubali. Anayefuata kuhudumiwa ana faili lake, queue-youarenext: “Wewe ndiye unayefuata.”

Muda wa kusubiri nao una mtego wake. Kiingereza kinataja tarakimu kwanza, dakika baadaye, kwa hiyo mtambo unacheza queue-holdtime, kisha namba, kisha queue-minutes. Ukitafsiri faili kwa faili utapata “tatu dakika.” Hamisha neno: queue-holdtime iseme “Utasubiri kama dakika,” mtambo uongeze “tatu,” na kwenye queue-minutes pamoja na queue-minute rekodi neno moja, “hivi.” Mpigaji atasikia “Utasubiri kama dakika tatu hivi,” na hatajua kwamba nyuma yake kuna mtambo uliotengenezwa kwa lugha nyingine.

Kwa tarakimu, rekodi sifuri hadi ishirini kila moja kamili, “kumi na tano” ikiwa faili moja. Kuanzia ishirini na moja mtambo utaunga ishirini na moja bila “na,” na ukifika kwenye mamia utasema “mbili mia.” Faili la say.conf linaruhusu kuandika kanuni za lugha nyingine, na fundi mzuri anaweza kulishughulikia. Lakini kwa biashara ya kawaida ushauri wangu ni kuepuka kabisa: namba za ndani zisomwe tarakimu moja moja, na kiasi cha pesa mtumie mteja kwa meseji. Ujumbe wa sauti nao usitangaze saa ulipoachwa. Zima kipengele hicho kwa envelope=no, kwa kuwa mtambo utahesabu saa kwa Kiingereza hata ukiutafsiria maneno yote.

Kurekodi

Msomaji awe mmoja kwa lugha zote mbili kama inawezekana. Arusha ina vijana wengi wanaoongea Kiswahili na Kiingereza kwa ufasaha uleule, na mteja anayebadilishiwa lugha bila kubadilishiwa mtu anabaki anahisi yuko ofisi ileile. Mchague mtu utakayeweza kumpata tena mwaka ujao, maana menyu zitabadilika. Mlipe, na mwandikiane kwamba sauti ni ya biashara hata akiondoka. Usitafute sauti ya redio. Tafuta mtu anayetamka tarakimu hadi mwisho. Wengi wetu tunameza “moja” na “mbili” tukifika mwisho wa sentensi.

Zipo pia sauti za mashine. Microsoft ina za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, na za Kenya, Zuri na Rafiki. Ni nzuri kwa majaribio, kabla hujamlipa mtu asome, na kwa tangazo la dharura usiku ambapo msomaji hapatikani. Kwa karibu ya kila siku napendelea mtu. Mteja mzee anayesikia pumzi ya binadamu hutulia.

Mahali pa kurekodia ni tatizo la kweli. Wakati wa masika mvua kwenye bati inafunika kila kitu, na mjini bodaboda hazilali. Kampuni za utalii zina studio bila kujua: Landcruiser iliyoegeshwa uani, madirisha yamefungwa, injini imezimwa, blanketi limetandazwa kwenye dashibodi. Viti vinanyonya mwangwi na bodi inazuia kelele. Kaa kiti cha nyuma na kinasa sauti, au hata simu nzuri, shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili “p” na “b” zisipulize.

Simu hubeba masafa ya takriban hezi 300 hadi 3,400 tu. Besi ya msomaji itapotea, na “s” na “sh” zitafifia. Kwa hiyo rekodi kwa ubora wa juu, hifadhi nakala hiyo, kisha punguza kwenda kile mtambo unachokitaka: WAV, mono, hezi 8,000, biti 16. Kwenye Audacity ni suala la kubadili na kuhamisha; kwenye mstari wa amri ni sox asili.wav -r 8000 -c 1 -b 16 karibu.wav. Acha nusu sekunde ya kimya mwanzoni mwa tangazo la kwanza, kwa kuwa simu nyingi za mkononi hukata silabi ya mwanzo na “Karibu” inageuka “ribu.” Sawazisha ukubwa wa sauti wa mafaili yote, ya Kiswahili na ya Kiingereza, mteja asilazimike kuisogeza simu.

Muziki wa kusubiri usiwe wimbo wa Bongo Fleva uliopakuliwa tu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye wimbo. Omba kibali, au mlipe kijana wa hapa akupigie gitaa la dakika mbili mkiwa mmeandikishana.

Saa, sikukuu na sheria

Mtambo unahesabu saa 24 na msomaji wako anasoma saa za Kiswahili. Anayeandika ratiba aketi na anayeandika matangazo, meza moja. “Tunafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni” kwenye mtambo ni 08:00 hadi 17:00, na majira ya mtambo yawe Africa/Dar_es_Salaam. Sauti ya Kiingereza itaje eight na five, iongeze kwamba ni saa za Afrika Mashariki, maana anayesikiliza anaweza kuwa Chicago usiku wa manane.

Sikukuu zenye tarehe, kama Saba Saba na Nane Nane, ziingize mapema kwa mwaka mzima. Idd hufuata mwandamo wa mwezi, na uthibitisho unaweza kuja usiku wa kuamkia sikukuu. Kwa ajili hiyo weka namba fupi ambayo msimamizi anaweza kuipiga kwa simu yake na kubadili mtambo uende kwenye tangazo la sikukuu, bila kumwamsha fundi. Rekodi tangazo hilo mapema kwa lugha zote mbili, lisitaje tarehe.

Kama unarekodi mazungumzo, mwambie mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa na kwa sababu gani. Tangazo hilo liweke baada ya kuchagua lugha na kabla ya binadamu kupokea. Likiwekwa mwanzo kabisa kwa Kiingereza peke yake, wengi watakuwa hawajaambiwa kitu.

Na watu wako walioko kazini wasipite kwenye menyu. Mwongoza watalii aliye Mlima Meru, kati ya vibanda vya Miriakamba, mita 2,514, na Saddle, mita 3,570, akiwa na mgeni aliyezidiwa, huku mtandao ukija na kupotea, asiambiwe achague lugha. Mpe namba ya moja kwa moja inayoita simu tatu kwa pamoja, mchana na usiku.

Kujaribu

Usijaribu wewe; unajua majibu. Mpe simu mtu wa soko la Tengeru, mpe mzee wa Nkoaranga, mpe mgeni aliyefika juzi. Kila mmoja mpe kazi, kwa mfano aulize bei ya chumba Jumamosi, nawe usimsaidie. Tazama anapositasita. Kisha jaribu njia mbaya kwa makusudi, kwa Kiswahili na tena kwa Kiingereza: bonyeza namba isiyokuwepo, nyamaza, piga usiku, subiri kwenye foleni hadi uchoke, acha ujumbe, acha ujumbe bila kusema kitu. Popote Allison atakapojitokeza baada ya wewe kuchagua Kiswahili, andika maneno anayosema. Hilo ni faili linalokosekana. Fundi anaweza kupata jina lake kwenye kumbukumbu za mtambo kwa saa uliyopiga.

Baada ya mwezi toa orodha ya simu zote na uangalie mambo matatu. Wangapi walikata kabla ya kuchagua lugha: tangazo la kwanza ni refu. Wangapi walibonyeza sifuri mara moja: machaguo hayataji shida zao, rudi kwenye daftari. Na wangapi walichagua Kiswahili wakakata foleni wakati wale wa Kiingereza wanahudumiwa: hapo sauti hazina kosa, unahitaji mtu mwingine mapokezi.